Aksolotli wa Ntinda Aliyeacha Kula: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Aksolotli mzima mwenye mwili mzuri anaweza kukaa wiki mbili bila kula asidhurike sana, ilhali siku mbili tu ndani ya maji yenye amonia, sumu itokanayo na uchafu unaooza, zinatosha kumchoma ngozi na matamvua yake ya kupumulia. Tofauti hiyo ndiyo iliyoongoza hatua zote katika kisa ninachokichambua hapa, kwa sababu kila aliyeombwa ushauri kabla yangu alishughulika na mdomo wa mnyama, akipendekeza chakula hiki au kile, na hakuna aliyeuliza habari ya maji. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wanaofuga viumbe hawa Kampala na miji mingine ya Uganda, ambako hali ya hewa yetu, inayotupendeza sisi, ni mtihani mkubwa kwa salamanda wa maji baridi.

Mwenye mnyama ni msichana anayesoma shule ya bweni, na wakati wa muhula mnyama hubaki mikononi mwa mama yake, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa na mtu wa Arua, ambaye nyumba yake ya Ntinda, mtaa wa Kampala, huzungumza Kiswahili kutwa nzima. Aliyenipigia simu ni yeye mama. “Kaka, huyu Waridi wa mwanangu hajatia kitu mdomoni tangu Jumapili ya juzi,” alisema, “na likizo imekaribia, nitamwambia nini mtoto?” Nilimwomba mambo matatu kabla sijafika: asimpe chakula kingine chochote, atoe kila kipande kilichosalia chini ya tangi, na azime taa ya tangi na kuvuta pazia la dirisha lililo karibu. Aksolotli hana kope, na mwanga mkali humsumbua hata akiwa mzima.

Tangi lilikuwa la kioo, la lita 60 hivi, limewekwa sebuleni chini ya dirisha linalotazama magharibi. Chini kulitandazwa changarawe za rangi, ndogo kiasi cha kuingia mdomoni mwake bila shida. Chujio lilikuwa sponji inayovutwa maji na pampu ya hewa, nalo lilikuwa safi mno, jambo lililonitia wasiwasi mara moja. Saa tisa alasiri kipimajoto kilisoma nyuzi 26 za Selsiasi; alfajiri ya kesho yake, mama alisoma 23 kwa kipimajoto nilichomwachia. Vipimo vya matone vilionyesha amonia kiasi cha miligramu 1 kwa lita, nitriti kidogo sana, na nitrati karibu haipo kabisa. Kiwango cha asidi, yaani pH, kilikuwa 7.4.

Waridi mwenyewe ni aksolotli mweupe mwenye macho meusi, ana sentimita 21 hivi kutoka pua hadi ncha ya mkia, na umri wake ni karibu miaka miwili. Matamvua yake, ambayo kwa mnyama mtulivu hulegea kuelekea nyuma, yalikuwa yamejikunja kuelekea mbele, na nyuzi zake zilikuwa fupi na zimepauka. Ncha ya mkia ilikuwa imejipinda. Kwenye tamvua moja la kushoto palikuwa na utando mweupe wa kuvu. Kwa upande wa heri, upana wa tumbo ulikuwa bado unalingana na upana wa kichwa, na hicho ndicho kipimo ninachokiamini zaidi cha unene wa aksolotli: tumbo likiwa jembamba kuliko kichwa, njaa imeanza kula mwili, likiwa limepita kichwa kwa mbali, ama analishwa kupita kiasi ama kuna kitu kimekwama au kimevimba ndani. Kwa hiyo njaa haikuwa dharura. Tulikuwa na nafasi ya kufikiri.

Jambo la kwanza kulipima lilikuwa joto. Makao ya asili ya aksolotli ni maziwa na mifereji ya Xochimilco, kusini mwa Jiji la Mexico, penye mwinuko wa mita 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako maji hubaki ya baridi sehemu kubwa ya mwaka. Huko porini wamebaki wachache mno, naye yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini sana kutoweka. Wengi wa wanaofugwa duniani wanatokana na kundi dogo lililopelekwa Paris mwaka 1864. Zaidi ya miaka 150 ya kuzaliana katika matangi haikuwafanya wazoee joto. Nyuzi 16 hadi 18 ndizo zinazowafaa, 20 wanavumilia, na zikipita 24 mwili huanza kulemewa. Kampala iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, na mchana wa kawaida hufika nyuzi 27 au 28. Angekuwa Kabale, penye karibu mita 2,000 na usiku wa baridi ya kweli, nusu ya tatizo hili isingekuwepo.

Wengi hudhani joto humchosha mnyama tu, kama linavyotuchosha sisi. Kwa aksolotli madhara yana mkondo unaoweza kufuatwa hatua kwa hatua. Joto la mwili wake hufuata joto la maji, hivyo maji yakipanda, mahitaji yake ya oksijeni hupanda; lakini maji hayohayo, kadiri yanavyopata joto, ndivyo yanavyobeba oksijeni kidogo. Kwa mwinuko wa Kampala, maji ya nyuzi 16 yaliyopigwa hewa vizuri yanaweza kushika kama miligramu 8.5 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 26 kama miligramu 7. Mnyama anahitaji zaidi na anapata pungufu. Kusaga chakula ni kazi inayokula oksijeni, kwa hiyo mwili huiahirisha kazi hiyo, na dalili ya kwanza anayoiona mfugaji ni kwamba mnyama hali.

Hapo ndipo mkondo wa pili ulipoanza, nao ndio ulioleta hatari yenyewe. Mama, kwa huruma yake, alipoona hajala, aliongeza vipande vya nyama ya ng'ombe kila jioni. Vipande hivyo viliingia katikati ya changarawe vikaoza na kutoa amonia. Wiki hiyohiyo, binti wa kazi alipoona sponji imekuwa ya kahawia, aliitoa na kuifikicha chini ya bomba mpaka ikarudi rangi yake. Hakuna wa kumlaumu, maana hakuna aliyemweleza kwamba uchafu ule wa kahawia ulikuwa nyumba ya bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati isiyo kali. Maji ya bomba ya Kampala hutoka Ziwa Viktoria na hutiwa klorini ili binadamu tuyanywe salama, na klorini hiyo huua bakteria wa chujio kama inavyoua wengine. Ndiyo sababu nitrati haikuonekana: hapakuwa na wa kuitengeneza. Ukiona tangi la miezi mingi lina amonia juu na nitrati hamna, chujio limekufa, hata kama pampu inanguruma na mapovu yanapanda vizuri.

Joto na amonia pia husaidiana kwa ubaya. Amonia ndani ya maji huwa na sura mbili, moja yenye chaji isiyodhuru sana na nyingine isiyo na chaji inayopenya ngozi na matamvua. Kwa pH ya 7.4 na nyuzi 26, sura hiyo mbaya ni kama asilimia 1.5 ya amonia yote. Kwa pH hiyohiyo na nyuzi 16, inashuka hadi kama asilimia 0.7. Maana yake ni kwamba kuyapoza maji peke yake, kabla ya kubadilisha hata tone moja, hupunguza sumu kwa nusu. Nimeliweka jambo hili mbele kwa makusudi, kwa sababu mfugaji aliye mbali na duka la vifaa, labda Gulu au Mbarara, anaweza kulianza usiku huohuo kwa chupa ya maji iliyogandishwa.

Uwezekano wa tatu ulikuwa changarawe tumboni. Aksolotli hatafuni, hufungua mdomo ghafla na kuvuta maji pamoja na chochote kilicho mbele yake, na kokoto huingia pamoja na nyama. Kokoto ikikwama, mnyama hukataa chakula, huvimba, na mara nyingine huelea bila kutaka. Nilimhamishia kwenye chombo cha plastiki kinachopitisha mwanga, nikaangaza tochi kutoka chini kwa muda mfupi. Kwa kuwa ni mweupe, ngozi ya tumbo ilipitisha mwanga, na palionekana vivuli viwili vidogo upande wa nyuma. Sikumminya tumbo, wala sishauri mtu yeyote afanye hivyo, kwa sababu utumbo wake ni mwembamba na hupasuka. Vivuli vilikuwa vimeshuka karibu na njia ya kutokea, mnyama hakuwa anaelea, na tumbo halikuwa gumu kutazama; nikaamua kwamba kokoto zilikuwepo ila hazikuwa chanzo.

Mama alikuwa na chupa ya dawa aliyouziwa kwa ajili ya kuvu, isiyo na maelezo ya kilichomo. Tuliiweka kando. Ngozi ya amfibia hunyonya kilichomo majini kuliko ya samaki, na dawa nyingi za samaki zina shaba, ambayo ni sumu kwake. Kuvu ile ilikuwa imeota juu ya nyama iliyochomwa na amonia, na kidonda kikiacha kuchomwa, mara nyingi kuvu hukosa pa kushika. Maji ya chumvi ya muda mfupi yangekuwa hatua inayofuata endapo utando ungeenea, yaani gramu 10 za chumvi isiyo na iodini katika lita moja, kwa dakika 10 pasipo kuzidisha. Haikuhitajika. Nilikataa vilevile wazo la kumlisha kwa nguvu: kumfungua mdomo mnyama aliyekwisha kulemewa ni kumwongezea mzigo, na chakula kinachoingizwa kwenye tumbo lililosimama huozea humohumo.

Matibabu yalikuwa beseni. Lilikuwa la plastiki, jipya, halijawahi kuguswa na sabuni, lenye mfuniko uliotobolewa, nalo lilijazwa lita 10 za maji yaliyoondolewa klorini na kupozwa. Maji yalitayarishwa siku moja kabla katika jerikeni, yakatiwa matone ya kuondoa klorini. Kuyaacha wazi usiku kucha huondoa klorini ya kawaida, lakini kama mtambo wa maji unatumia kloramini, aina ya klorini isiyotoka upesi, njia hiyo haitoshi, na mimi sipendi kubahatisha kwa mnyama mgonjwa. Beseni liliwekwa ndani ya sanduku la kutunzia baridi, la aina ya wauza soda, na pembeni yake, nje ya maji ya Waridi, zikapangwa chupa za nusu lita zilizogandishwa, zikibadilishwa asubuhi, mchana na jioni. Tulishusha joto polepole, nyuzi moja au mbili kwa saa, hadi 17, kwa kuwa mshtuko wa baridi ya ghafla nao unaumiza. Kila siku maji yote yalimwagwa na kuwekwa mapya yenye joto lilelile, maana beseni halina chujio na kila anachokitoa mnyama hubaki humo pamoja naye.

Wafugaji wengi wa nje hushauri kumweka mgonjwa kwenye friji, kwa nyuzi 5 hadi 8. Ni njia inayojulikana kusaidia anapokwama kokoto, lakini katika nyumba yenye watu wengi friji hufunguliwa kila mara, na umeme ukikatika joto hupanda na kushuka bila mpangilio. Nyuzi 17 zisizoyumba nilizithamini kuliko nyuzi 6 za kubahatisha.

Mabadiliko ya kwanza yalionekana kwenye matamvua. Siku ya pili yalianza kulegea. Baada ya hapo yalirudi nyuma kabisa, na rangi ya damu ikaanza kuonekana kwenye nyuzi. Asubuhi moja mama alinitumia picha ya beseni: kinyesi cheusi, kirefu, na ndani yake kokoto mbili, moja ya buluu na moja ya kijani. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza, maana sasa njia ilikuwa wazi na tungeweza kuzungumzia chakula.

Nyama ya ng'ombe haimfai. Mafuta yake ni mazito kwa tumbo linalofanya kazi katika baridi, na madini yake hayalingani na mahitaji ya aksolotli. Chakula bora, na Uganda tumejaliwa nacho, ni nyungunyungu. Shamba la matoke lenye matandazo ya majani makavu halikosi, mradi liwe halijapuliziwa dawa, na wavuvi wa Ggaba huwatumia kama chambo. Tahadhari moja ni ya wale wembamba wekundu wa kwenye mboji na samadi, ambao hutoa ute mchungu: aksolotli wengi huwatema, na mfugaji asiyelijua hilo hudhani mnyama bado mgonjwa. Ndivyo ilivyotokea hapa. Waridi alimnyaka yule mwekundu, akamshika kwa sekunde chache, akamtema na kurudi nyuma, na sauti ya mama kwenye simu ilikuwa ya kukata tamaa. Nilimwambia kwamba kumnyaka ndiko habari, kwa kuwa mnyama asiye na hamu hageuzi hata kichwa.

Kesho yake alipatikana nyungunyungu wa shambani, akaoshwa, akakatwa kipande cha urefu wa mdomo wa Waridi, akashikwa kwa kibano kisicho na ncha kali. Aksolotli haoni vizuri. Huongozwa na harufu na mtikisiko wa maji, hivyo kipande hupeperushwa taratibu ubavuni mwa kichwa bila kumsukumia usoni. Mama aliniambia kilichofuata kwa pumzi moja: kichwa kiligeuka, palikuwa na kimya kifupi, kisha kikasikika kile kishindo kidogo cha mdomo kwenye maji, na kibano kikabaki kitupu. Hakumpa cha pili siku hiyo, kama tulivyokubaliana.

Tangi kubwa lilichukua muda mrefu zaidi kuliko mgonjwa. Changarawe zote zilitolewa na sakafu ikaachwa ya kioo kitupu, na bomba la udongo la kujifichia likatiwa ndani. Bakteria walikuzwa upya kwa kutia amonia safi kidogo kidogo bila mnyama ndani, kazi ambayo kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Tulihesabu chujio limekomaa lilipoweza kumaliza miligramu 2 za amonia kwa lita ndani ya saa 24 na nitriti nayo ikasoma sifuri. Tangu hapo sponji hufinywa ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, kamwe si chini ya bomba. Jambo moja ambalo wafugaji wa Kampala hulisahau ni kwamba maji ya Ziwa Viktoria ni mepesi, yana kalisi kidogo, ilhali aksolotli hupenda maji yenye madini kiasi. Isitoshe, bakteria wa chujio hula akiba ya kuzuia asidi iliyomo majini, na akiba hiyo ikiwa ndogo tangu mwanzo, pH huporomoka na bakteria wenyewe huzembea. Mama alikuwa na makombe makubwa ya baharini aliyokuja nayo kutoka kwao Mombasa. Tuliyachemsha, tukachagua yaliyo makubwa kuliko kichwa cha Waridi ili asiweze kuyameza, na sasa yanayeyuka polepole karibu na chujio, huku pH ikipimwa kila wiki.

Suala la joto halikuisha kwa beseni. Tangi limehamishiwa chumba cha nyuma kisichopigwa na jua la alasiri, na feni ndogo inapuliza juu ya uso wa maji. Feni hupoza kwa njia ileile mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa: maji yanayogeuka mvuke huondoka na joto. Kwa hiyo hufanya kazi vizuri siku za ukavu na hulegea siku za unyevu, na kiasi kinachopungua lazima kijazwe. Nyuzi zimeshuka hadi 20 au 21 mchana, na Januari na Februari, miezi yetu ya joto, chupa za barafu zitaendelea kuhitajika. Maoni yangu ni kwamba nyumba ya Kampala inayotaka kumweka aksolotli kwa miaka yake yote, ambayo yaweza kufika 10 hadi 15, inunue mashine ya kupoza maji kabla ya kumnunua mnyama. Ni ghali, na anayemuuza aksolotli kwa mtoto bila kutaja gharama hiyo anamtendea vibaya mtoto pamoja na mnyama.

Nilikuwa tayari kumpeleka kwa madaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Makerere endapo ningeona tumbo limevimba na kuwa gumu, damu kwenye ngozi, kuelea kusikokoma, au tumbo kuwa jembamba kuliko kichwa licha ya maji kuwa safi. Hakuna hata moja lililotokea. Kwa sasa Waridi anakula nyungunyungu mmoja au wawili kila baada ya siku mbili, msichana amerudi likizo na kumkuta tangini, na yeye ndiye anayeandika vipimo katika daftari lililoning'inizwa ukutani. Tamvua la kushoto bado ni fupi kuliko mwenzake, lakini nyuzi mpya zimeanza kuchipua kwenye shina lake, na nimemwomba msichana alipige picha kila Jumamosi hadi atakaporudi shule.